Kabini yenye kitanda ya lori la masafa marefu: nzuri ikitembea, nzito ikisimama

Kabini yenye kitanda ya lori la masafa marefu ni bidhaa ya ajabu kidogo kuitathmini, kwa sababu anayeinunua siye anayelala ndani yake. Tajiri wa gari huangalia unywaji wa mafuta, bei ya vipuri na uwezo wa injini kupanda mlima na mzigo. Dereva, ambaye mara nyingi hakuulizwa neno, ndiye atakayekaa humo mchana kutwa na kulala humo usiku kucha, wiki baada ya wiki. Nimeifanya kazi hii kwa muda wa kutosha kulala katika kabini mpya na kuukuu, za pua ndefu na za uso bapa, na hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji asiisubiri. Kama mahali pa kufanyia kazi gari linapotembea, kabini ya siku hizi ni miongoni mwa vifaa bora alivyowahi kutengenezewa mfanyakazi. Kama makazi gari linaposimama, ni chumba kinachovumilika tu, ambacho watu wengi wamekigeuza kisingizio. Karibu kila jambo ambalo nasikia madereva wakilisifu katika kazi yao hutokea magurudumu yakizunguka, na karibu kila wanalolilalamikia huanza pale breki ya maegesho inapovutwa.

Kiti ndicho kinachostahili sifa ya kwanza. Kabla ya viti vya upepo kuenea, dereva aliketi juu ya springi ngumu na kila shimo la barabara lilimfikia kiunoni na nguvu zake zote. Leo kiti hubebwa na mfuko wa hewa inayotoka kwenye mfumo uleule unaolisha breki, na kabini yenyewe, katika malori mengi ya kisasa, hukalia mifuko mingine ya hewa au springi laini. Ukiketi na kubonyeza kitufe cha pembeni, kiti huguna, hujaa upepo, hupanda mpaka magoti yakae sawa na nyonga, kisha hutulia. Baada ya hapo unaweza kuona katika kioo cha pembeni tela likirukaruka juu ya mashimo ilhali mikono yako juu ya usukani imetulia. Wasioijua kazi hii hudhani hayo ni mambo ya starehe. Dereva aliyekwisha kuonja maumivu ya mgongo anajua kwamba kiti kibovu humfupishia ajira, na ndiyo maana wakongwe wakikabidhiwa gari jipya hawatazami redio wala taa. Hukaa kwanza kitini, wakakipandisha na kukishusha, huku wametega sikio kama kuna mahali kinapovuja.

Sifa ya pili ni urefu wa pale unapoketi. Macho ya dereva hupita juu ya paa za magari madogo, na barabara hufunguka mbele yake kwa umbali ambao mwenye gari dogo haupati kamwe. Kukikucha ukiwa barabarani, injini imeshika joto, mzigo umetulia na njia ni nyeupe, hiyo ndiyo saa ambayo madereva wengi wakiulizwa kwa nini hawajaacha kazi huitaja bila kutafuta maneno. Hakuna msimamizi anayepita nyuma ya mgongo, hakuna kikao cha asubuhi, wala hakuna mwenzako wa meza ya pili anayekuhesabia dakika za chai. Tena kazi ya leo ikiisha imeisha: mzigo uliopakiwa kule umeshuka huku, karatasi zimetiwa sahihi, basi. Ni watu wachache wenye ajira ambao huweza kuona mwisho wa kazi yao kwa macho namna hiyo.

Ipo pia fahari ya ufundi, na hapa kabini za kisasa zinagawa maoni. Lori lenye uzito wa tani 40, ambao ndio ukomo wa kawaida wa malori ya mizigo yanayovuka mipaka ndani ya Umoja wa Ulaya, haliendeshwi kwa nguvu za mguu. Huendeshwa kwa kuona mbele. Dereva mzuri huchagua gia kabla mteremko haujaanza, huiacha breki ya injini ishikilie uzito, na breki ya mguu huigusa kwa nadra ili isipate moto ikashindwa kushika mahali inapohitajika. Zamani ufundi huo uliongezewa na gia za mkono zisizo na sinkronaiza, yaani kifaa kinacholinganisha kasi ya meno ya gia kabla hayajashikana, ambazo zilimlazimu mtu asikilize mlio wa injini na kuingiza gia katika nafasi ndogo ya mizunguko, la sivyo gari zima lilimzomea. Volvo ilipoleta gia zake za I-Shift mwaka 2001, na watengenezaji wengine walipokwenda njia hiyo hiyo, kazi hiyo ilichukuliwa na kompyuta. Wapo wanaosema kwamba dereva amefanywa abiria. Mimi sikubaliani nao: mguu wa kushoto uliokanyaga klachi kutwa nzima katika foleni hauna hamu ya kurudi kule, na ufundi unaobaki, yaani kusoma barabara na kupiga rivasi na tela linalojikunja katika lango jembamba, ungali unamtenganisha fundi na mwanagenzi kwa dakika moja tu ya kutazama.

Kuhusu kamera zilizochukua nafasi ya vioo vya pembeni, ambazo Mercedes-Benz ilizionyesha kwenye lori lake la Actros mwaka 2018, nina sifa na lawama. Zinafungua kona ya mbele ambayo kioo kikubwa na fremu yake viliifunika, na mtembea kwa miguu aliyekuwa akipotea pale sasa anaonekana. Lakini kioo kilikuwa na siri moja: ukisogeza kichwa mbele kidogo, kilikuonyesha sehemu nyingine ya barabara. Skrini haijali kichwa chako kiko wapi. Inakupa picha ileile, na wakati wa kurudi nyuma gizani dereva mzoefu hujikuta akiinama bure.

Kamera isiyo na watetezi wengi miongoni mwetu ni ile nyingine, inayotazama ndani. Hoja ya makampuni ni usalama: kifaa kinatambua macho yanayofumba na kumwamsha anayesinzia. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuidharau, kwa sababu usingizi barabarani unaua. Hata hivyo, chumba ambacho dereva hubadilishia nguo, huzungumzia na mke au mume wake na hulia akifikiwa na habari za msiba hakiwezi kutendewa kama chumba cha mashine kiwandani. Kampuni inayotaka kamera ya ndani inapaswa walau kufunga ile ambayo huzimika yenyewe injini inapozimwa, na kumwambia dereva nani anaitazama picha na kwa muda gani inahifadhiwa. Nimeona mahali ambapo maswali hayo yalijibiwa kwa kuinua mabega.

Saa za kuendesha ndizo daraja kati ya upande mzuri na upande mbaya wa tathmini hii. Mkataba Na. 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unasema dereva asiendeshe mfululizo zaidi ya saa 4 bila mapumziko, asizidishe saa 9 kwa siku wala 48 kwa wiki, na apate mapumziko ya saa 10 mfululizo katika kila saa 24. Umoja wa Ulaya una hesabu yake, ya saa 9 kwa siku zinazoweza kufika 10 mara mbili kwa wiki, na mapumziko ya dakika 45 baada ya saa 4 na nusu. Marekani inaruhusu saa 11 za usukani ndani ya kipindi cha saa 14 tangu zamu ianze. Katika magari mapya ya Ulaya takografu ya kidijitali, kifaa kinachorekodi saa za kuendesha na za kupumzika, ilianza kuwa ya lazima mwaka 2006, na Marekani ilianza kudai kumbukumbu za kielektroniki Desemba 2017. Madereva hulaumu vifaa hivyo, lakini ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba wengi hawachukii kikomo chenyewe. Bila kikomo, tajiri asiye na huruma angemwendesha mtu mpaka aanguke, na daftari la karatasi lilipotumika lilijua kusema uongo kwa kalamu mbili. Kinachowaudhi ni kwamba saa inakwisha bila kujali uko wapi. Ikikuta ukiwa kilomita chache kutoka penye maegesho mazuri, utalala pembeni mwa barabara penye mbu na malori yanayopita yakiitikisa kabini, ilhali kesho yake utasomewa kanuni kana kwamba ulichagua pale.

Hapo ndipo tunafika kitandani. Kitanda cha kabini ya kisasa, kwa haki yake, si kibaya. Godoro ni nene kuliko yale ya zamani, taa ya kusomea ina swichi karibu na mto, na swichi nyingine inakuwezesha kufunga milango bila kuamka. Mapazia huzunguka kioo chote cha mbele juu ya reli. Kama kila kibanio kipo, giza linakuwa la kutosha hata saa sita mchana. Kibanio kimoja kikikatika, na hukatika, mwanga hupenya kwenye ufa ule ule kila siku na kutua juu ya kope. Chini ya godoro mna sanduku la kuwekea vifaa, na huko ndiko mnyororo, jeki, kopo la mafuta na shati safi hukaa pamoja, kwa hiyo shati halibaki safi. Watengenezaji wanaoweka sehemu mbili zilizotenganishwa, moja inayofunguliwa kwa nje kwa ajili ya vitu vichafu na nyingine kwa ndani kwa ajili ya mavazi, wameelewa jambo ambalo wengine bado.

Joto na baridi ndivyo vinavyoamua kama umelala au umejilaza tu. Injini ya lori ikiachwa inanguruma ili kuendesha kiyoyozi hula takriban lita 3 za dizeli kwa saa, hutetemesha godoro na kumpelekea jirani moshi. Ndiyo maana tajiri huikataza, na katika baadhi ya sehemu sheria nayo huikataza, kama California ambako kikomo cha kawaida ni dakika 5. Suluhisho lipo na si la kigeni: hita ndogo ya dizeli kwa usiku wa baridi, na kiyoyozi cha maegesho kinachotumia betri kwa usiku wa joto. Vyote viwili huuzwa kama nyongeza, na vyote viwili ndivyo vya kwanza kufutwa katika oda ili bei ishuke. Matokeo yake ni usingizi wa mang'amung'amu, mtu anafungua dirisha apate hewa, anasikia hatua za mtu nje, analifunga, anatokwa na jasho, analifungua tena. Karibu naye tela la friji linawasha mashine yake, linanguruma mpaka ubaridi utimie, linazima. Na punde masikio yanapoanza kuzoea kimya, linawasha upya. Alfajiri kifaa cha kumbukumbu kitaandika kwamba dereva huyu amepumzika.

Ukubwa wa chumba chenyewe umeamuliwa na sheria za vipimo kuliko na mahitaji ya binadamu. Ulaya iliuwekea urefu wa gari zima, kichwa na tela, kikomo cha mita 16.5 kisichoipa kabini nafuu yoyote mpaka mwaka 2020, kwa hiyo kila sentimita aliyopewa dereva ilikuwa kama imenyang'anywa mzigo, na kabini zikawa za uso bapa, zimekaa juu ya injini. Marekani iliondoa kikomo cha urefu wa gari zima kwenye barabara zake kuu kwa sheria ya mwaka 1982, na baada ya hapo pua ndefu na vyumba vikubwa vya kulala vikashamiri. Nimelala katika aina zote mbili. Ya pua ndefu inakuruhusu kusimama wima na kuvaa suruali kama mtu. Ya uso bapa ni rahisi zaidi kugeuza katika mji wenye mitaa finyu. Katika ya pili, mtu mrefu hujikuta nyayo zinagusa ukuta mmoja na kisogo ukuta wa pili. Ngazi nazo zinahitaji kutajwa, maana majeraha mengi ya kazi hii hayatokani na ajali za barabarani bali na kushuka: unapaswa kushuka ukiitazama kabini, mkono mmoja daima ukiwa umeshika kishikio, na ngazi ya chini isiyo na taa usiku wa mvua ni mtego.

Jambo moja la afya ambalo wauzaji wa malori hawalisemi linahusu kioo cha mlango. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mwanaume wa miaka 69 aliyekuwa ameendesha gari la kusambaza mizigo kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, ule uliokaa dirishani, ulikuwa na makunyanzi mazito kupita upande wa kulia, kwa sababu mionzi ya jua aina ya UVA hupenya kioo cha kawaida. Kioo chenye tabaka la kuizuia kinapatikana. Sijawahi kuona kampuni ikikitangaza kama sifa ya kabini.

Sasa kusubiri, ambako ndiko kiini cha manung'uniko yote. Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu Malcolm McLean, aliyeanza kama dereva wa lori huko Marekani: kwamba wazo la kontena lilimjia katika miaka ya 1930 akiwa amekwama bandarini na mzigo wa pamba, akitazama wapagazi wakihamisha furushi moja moja kutoka kwenye malori hadi melini. Kisa kiwe sahihi au kimetiwa chumvi, tarehe 26 Aprili 1956 meli yake Ideal X iliondoka Newark kuelekea Houston ikiwa na makontena 58, na biashara ya bahari haikurudi ilivyokuwa. Meli zilipona ugonjwa wa kusubiri. Dereva hakupona. Bado anafika ghalani kwa saa aliyopewa, anaambiwa aegeshe pembeni, anatazama wafanyakazi wa zamu wakibadilishana, na hakuna anayemwambia kama ni saa moja au ni hadi kesho. Mahali ambapo malipo hupimwa kwa umbali, kama ilivyozoeleka Marekani, saa hizo mara nyingi ni bure au hulipwa kidogo tu, na sheria ya kazi ya nchi hiyo ya mwaka 1938 inawaacha madereva wa masafa marefu nje ya malipo ya lazima ya muda wa ziada. Ulaya imekataza malipo ya umbali yanayohatarisha usalama barabarani, na ni vyema. Lakini hata anayelipwa kwa siku hana pa kuipeleka siku iliyopotea langoni.

Ubaya wa kabini nzuri ni kwamba imerahisisha kumweka mtu katika hali hiyo. Mwenye ghala haoni haja ya kujenga chumba cha kusubiria, kwa kuwa dereva “ana kila kitu garini.” Hana choo garini. Madereva wanawake, ambao idadi yao katika kazi hii bado ni ndogo, hulisema hili kwa uwazi kuliko sisi wanaume, kwa sababu wao ndio hulazimika kupanga unywaji wao wa maji kwa kufuata milango ambayo huenda ikafungwa mbele yao. Tajiri naye haoni haja ya kulipia nyumba ya wageni. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Desemba 2017 kwamba mapumziko ya kawaida ya wiki, yale ya saa 45 au zaidi, yasichukuliwe ndani ya gari, na kanuni za mwaka 2020 zikaongeza kwamba malazi yafae kwa jinsia zote, yagharimiwe na mwajiri, na kazi ipangwe ili dereva aweze kurudi kwao angalau kila wiki nne. Uamuzi huo unakiri kwa lugha ya sheria kile ambacho sisi tunakijua kwa migongo: usiku mmoja kabinini ni mapumziko, wikiendi nzima kabinini ni zamu ya ulinzi isiyolipwa.

Upweke nimeuacha nyuma kwa makusudi, maana wasio madereva huutanguliza. Ukiwa barabarani, kuwa peke yako ni sehemu ya utamu. Huuma pale simu inapoita kutoka nyumbani, mtoto ana homa, na wewe umeegeshwa kwenye uwanja wa mtu ukisubiri lango lifunguliwe. Kama ungekuwa unaendesha, walau kila kilomita ingekuwa inapunguza kitu.

Kwa tajiri anayejaza fomu ya kuagiza magari, ushauri wangu ni mfupi. Taa za mapambo, usukani wa ngozi na rangi ya kung'aa vingoje. Achague kwanza kiti bora kilichopo katika orodha, kisha hita ya usiku, kiyoyozi cha maegesho, betri zenye uwezo wa kukiendesha hadi asubuhi, kioo cha mlango kinachozuia UVA na taa kwenye ngazi ya chini. Halafu katika mkataba na mwenye mzigo aandike malipo ya saa za kusubiri, kuanzia saa ambayo dereva ameripoti langoni, pamoja na haki ya kutumia choo. Kabini yenye vifaa hivyo naipa alama ya juu bila kusita. Isiyo navyo, hata kama ni mpya kabisa, dereva anayepewa ufunguo wake aulize kwanza gari litakuwa likilala wapi, na kwa siku ngapi mfululizo.